Tisa kwa Tisa

Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa nilee wadogo zangu. Kipeuo cha pili sikufundishwa na mtu. Nilikipata mwenyewe kwa maharage, mwaka ule wanaume wetu walipokwenda vitani.

Kijiji chetu cha Ujamaa, huku Ngara, kiliambiwa kitaletewa miche ya kahawa themanini na sita. Bwana shamba aliacha maagizo: shamba liwe la mraba, idadi ya mistari iwe sawa na idadi ya mashimo katika mstari, na miche mitano itengwe ya kuziba mapengo. Miche ingefika Jumamosi. Ikikuta mashimo hayajawa tayari, inakauka.

Karani wa kijiji, kijana aliyemaliza la saba, akapiga hesabu. Akatoa tano, zikabaki themanini na moja. Hapo alipatia. Kisha akasema mraba una pande nne, akagawa kwa nne, moja iliyobaki akaiacha.

"Ishirini kila upande. Chimbeni mistari ishirini, mashimo ishirini kila mstari."

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wengine na watoto mgongoni, na ardhi ile ni kokoto tupu. Siku ya kwanza tulimaliza mistari miwili. Nikanyoosha mgongo, nikatazama. Mashimo arobaini, yaani karibu nusu ya miche ina pa kukaa, na bado mistari kumi na minane! Nikaweka jembe chini.

"Mama, unagoma wakati wa vita?" karani aliuliza mbele ya wote.

Siku zile neno hilo halikuwa la mchezo. Ningeweza kuitwa msaliti, na mume wangu yuko mstari wa mbele.

"Sigomi. Nileteeni ungo na maharage."

"Hesabu si mboga, mama."

"Na shamba si daftari. Chuchumaa hapa utazame."

Nilihesabu themanini na sita, nikatenga matano. Nikaweka moja kwenye ungo. Nikalizungushia matatu pande mbili, yakawa mawili kwa mawili. Nikazungushia matano, yakawa matatu kwa matatu. Nikaendelea hivyo mpaka la mwisho likakaa kwenye kona yake.

"Hesabu upande huu."

"Tisa."

"Na huu?"

Akahesabu kwa kidole. "Tisa."

Wenzangu walipiga vigelegele. Jumamosi miche ikafika, na kabla ya adhuhuri themanini na mmoja ilikuwa ardhini, mitano ikabaki kivulini. Bwana shamba akacheka, akaniambia vitabuni kuna jibu la pili, hasi tisa.

"Hilo kalichimbe wewe," nikamjibu.

Katika ile mistari miwili ya kwanza, mashimo ishirini na mawili yalikuwa yamezidi. Nilimpa karani jembe langu ayafukie. Aliyafukia yote, na mimi nilisimama pale nikimhesabia.