Siku Nilipoifua Zumari ya Mkwe

Wengi wenu mmekwisha kuusikia mkasa huu kutoka kwa wifi yangu, na anavyousimulia yeye mtu anaweza kudhani nililewa au nilitumwa na wabaya, kwa hiyo leo ngoja niuseme mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimeibeba mwaka mzima.

Kabula ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea hapa Kolandoto tangu yuko darasa la pili, akasoma, akapata kazi ya kupima sampuli za mawe mgodini huko Geita, na huko ndiko alikokutana na Niko, Mgiriki, fundi wa mitambo, kijana mpole anayeongea Kiswahili cha wachimbaji (siku ya kwanza alinipa shikamoo vizuri kabisa, kisha akaonja chai yangu akasema "imetema", kama mwamba uliotoa dhahabu). Posa ikaenda salama, harusi ikapangwa Jumamosi, na Jumatano akafika baba yake Niko, Mzee Yani, mjane, peke yake kutoka kisiwani kwao, na begi moja na furushi lililofungwa kwenye blanketi.

Nilianza kuharibu siku hiyo hiyo. Kabula alipiga magoti kumsalimu, mzee akamtazama kwa furaha, akamwinamia, akamfanyia "ftu, ftu, ftu" mara tatu usoni. Sikufikiri. Niliruka nikamwekea kiganja mbele ya pua, vidole vitano vimetanuka, kama trafiki anayesimamisha lori la Isaka. Mzee akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Ikabidi Niko atufafanulie wote wawili: kwao ukiona kitu kizuri unakifanyia hivyo, bila mate, kukikinga na kijicho, na kiganja kilichotanuliwa usoni mwa mtu ni tusi, tena tusi la kupigania. Yaani yeye alikuwa anambariki mwanangu, na mimi mama mwenye nyumba nikamtukana mkwe kabla hajaketi. Mzee alicheka, akasema yamekwisha, lakini mimi nikajiapiza kwamba lazima nimfanyie jambo la kumpendeza.

Alhamisi asubuhi Niko akamchukua babake kwenda kuona ng'ombe wa kaka yetu mkubwa, Masanja. Nikaingia chumbani kwake kufagia, harufu ya beberu ikanipokea mlangoni. Ilitoka kwenye furushi. Sasa mnanijua, nimefua mashuka ya nyumba za wageni mjini Shinyanga mpaka mikono ikachubuka, pua yangu haivumilii. Nikafungua. Ndani kulikuwa na ngozi ya mbuzi nzima, imegeuzwa manyoya yakawa ndani, kwenye mguu mmoja wa mbele wamefunga kijibomba cha mti, na kwenye mwingine vitete viwili vilivyolazwa kwenye kibao chenye pembe mwishoni. Nikasema hiki ni kiriba cha maziwa, maskini mzee wa watu, tangu mkewe afariki hana wa kumsafishia.

Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga (sikubania), nikamimina kupitia kile kijibomba, nikatikisa kama mtu anayesuka maziwa, nikakamua. Yaliyotoka yalikuwa machache kuliko yaliyoingia, jambo ambalo mtu mwenye akili angelisimama kulitafakari. Mimi nilikianika kwenye waya. Jua la huku mnalijua, ilipofika saa nane mgongo wa kile kitu umekauka kama bati na tumbo bado zito, nikaogopa, nikapaka samli mpaka mgongo ukalegea kidogo, nikakifunga kwenye blanketi vilevile nilivyokikuta.

Jioni tukila, Niko akaanza kutueleza babake alichobeba. Akasema si mzigo, ni tsambuna, zumari ya ngozi, unaipuliza mpaka inajaa upepo kisha unaibana kwapani na vitete vinaimba, na kisiwani kwao bibi harusi hapelekwi kanisani kimyakimya, zumari inatangulia mbele. Babu yake Niko ndiye aliyevichonga vitete vyake. Mzee Yani aliipiga siku dada yake alipoolewa, na sasa amevuka bahari kuja kumpigia Kabula. Mzee alikuwa ananitazama huku anatabasamu, haelewi neno lakini anajua kinachosemwa. Ungekuwa wewe ungesema pale pale. Mimi nilimwongezea ugali.

Ijumaa nikajiambia samli imefanya kazi. Jumamosi uwanja ukajaa, kaka Masanja kwenye kiti cha mbele, wifi yangu, mkewe, ndani ya gauni la kitenge alilolishona miezi miwili, na ngoma ya Mzee Luhende ikisubiri zamu yake kando. Kabula akatoka ndani. Alikuwa amependeza mpaka nikasahau dhambi zangu. Mzee Yani akasimama mbele yake na shati jeupe, akaweka kijibomba mdomoni, akapuliza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya ndama mwenye kikohozi. Watu wakadhani ndivyo ilivyo, wakapiga makofi kwa heshima. Mzee akakunja uso, akapuliza zaidi, na kwenye ile pembe likaanza kutoka povu, jeupe, jingi, linadondoka kwenye viatu vyake. (Kumbe kijibomba kina kiulimi cha ngozi kinachoruhusu kitu kuingia na kukizuia kisirudi, kwa hiyo sabuni yangu yote ilikuwa imelala humo kwenye manyoya.) Naye hakuacha, nadhani alikuwa amejiahidi kwamba lazima apige, akabana kwa mkono, na pale mgongoni palipokauka pakapasuka. Maji ya sabuni na manyoya ya mbuzi vikamrukia wifi yangu kuanzia kilemba mpaka kifuani.

Uwanja mzima ulicheka, kisha ukanyamaza, kwa sababu mzee alikuwa amesimama ameshika ngozi iliyonywea. Kabula akaanza kulia. Halafu kaka Masanja akainuka, akasema taratibu kwamba chombo cha ukoo hakipasuki bure siku ya harusi, huu ni mkosi, watu warudi majumbani mpaka wazee waulize vizuri upande wa huyu mgeni una nini. Wazee wenzake wakatikisa vichwa kumkubali. Niko akawa anamtazama babake, babake anamtazama Niko, na hakuna aliyenitazama mimi.

Nilisimama.

"Hakuna mkosi," nikasema. "Ni mimi. Nilidhani ni kiriba, nikakifua."

Kaka akaniuliza nimekifua na nini. Nikasema sabuni ya unga. Wifi alisema maneno ambayo sitayarudia hapa.

Niko akamtafsiria babake, na ilichukua muda, nadhani neno kiriba lilimpa shida. Mzee akanusa vidole vyake. Akanijia, nami nikaificha mikono nyuma ya mgongo nisije nikamtukana tena. Akaongea polepole, Niko akinigeuzia kila sentensi.

"Baba anasema ngozi hufa. Yeye mwenyewe ameibadilisha mara nne. Vitete ndivyo vya babu, na vitete havijafa."

Akatoa kisu kidogo, akakata kamba, akavitia vile vitete mfukoni, kisha akamwonyesha Mzee Luhende kwa mkono kwamba apige. Kaka Masanja akakaa. Tukaenda kanisani kwa ngoma ya Kisukuma, na Mgiriki mbele anapiga makofi nje kabisa ya mapigo.

Alikaa wiki tatu zaidi. Luhende alimchunia mbuzi bila kumpasua tumbo, wakaikanda ngozi kwa chumvi wawili hao, hawana lugha moja, wanabishana kutwa, na mimi nilipewa kazi ya kuwapelekea chai na kukatazwa kugusa. Siku moja kabla hajaondoka aliipiga uani kwangu, Kabula na mumewe wamekuja kutoka Geita. Ilikuwa sauti kali, ya kulialia, inayokata, nikakaa chini kwenye jamvi nikajifuta macho kwa kanga. Alipomaliza akaniinamia, akasema neno alilofundishwa na Luhende, "Wabeja, mayu," asante, mama.

Wifi bado ananidai msamaha, nami namwomba kila tukikutana. Lakini siku hizi mgeni akilala kwangu, mzigo wake ukinuka, na unuke.