Malwa Haina Glasi

Nesi aliniuliza jioni huwa nakunywa nini. Nikamwambia malwa, pombe ya ulezi, kwenye kilabu cha jirani yangu kule Kawempe.

"Glasi ngapi?"

Nilicheka. Malwa haina glasi. Chungu kinawekwa katikati, tunakizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu, na mwenye kilabu anaongeza maji ya moto kila kinaposhuka. Hakuna ajuaye amevuta kiasi gani.

"Lakini chakula nimepunguza," nikajitetea. "Usiku sili kabisa."

Ilikuwa kweli. Nashona kwa cherehani ya miguu huko Nakivubo, na goti langu lilikuwa limevimba. Likigoma, sina kazi. Nesi huyu ndiye aliyeniambia nipunguze mwili. Nikaacha posho, ule ugali wa usiku, nikaacha mihogo ya kukaanga, na mizani haikusogea.

"Dada, uji wa ulezi ni chakula?"

"Ni chakula."

"Ukichachuka je?"

Kilabuni sisi wenyewe husema malwa ni chakula, hasa tunapotaka chungu cha pili. Mbele ya mizani nilikuwa nimeifanya maji.

"Hata ungeuchuja ulezi wote," alisema, "kileo chenyewe mwili unakihesabu kama mlo."

Baba alikuwa askari, tulizaliwa kambini. Wazazi walipokufa niliacha shule ya msingi nikalea wadogo zangu, na sijutii. Sasa mmoja yuko Gulu, mmoja Juba, wa mwisho ameolewa Arua. Tangu aondoke, pale kwenye chungu ndipo mahali pekee ambapo mtu huniuliza kwa nini nimechelewa.

Kwa hiyo sikutaka kuacha kwenda. Nilikwenda na chupa ya chai.

"Jamani, binti wa kambini kaja bila silaha!" akapiga kelele fundi seremala. "Mrija uko wapi?"

"Goti, mzee."

"Kwani goti linakunywa?"

"Huyu ameokoka," akasema mwingine. "Kesho atatuhubiria."

Nilicheka pamoja nao. Lakini maji ya moto yalipomiminwa, wote waliinama kwa pamoja kuvuta, nami nikabaki wima, nikitazama visogo vyao. Maneno yao yalikuwa yakianzia huko chini, kichwa kwa kichwa. Yalipofika kwangu yalikuwa yamekwisha kuchekwa.

Jioni moja alikuja mgeni na mrija wake.

"Mama, sogea kidogo," mwenye kilabu aliniambia, kwa upole kabisa. "Wewe hunywi."

Nikasogeza kigoda nyuma. Nilikaa kidogo nyuma ya mgongo wa yule mgeni, nikamaliza chai yangu, nikaaga. Sidhani walisikia.

Siku hizi nikitoka kazini napika posho kidogo na mboga, nakula, naosha sahani, na nje bado kuna mwanga. Mizani imeshuka. Nakanyaga cherehani kutwa nzima bila maumivu, na nesi amefurahi kuliko nilivyotegemea.

Nilimpigia mdogo wangu wa Arua nimwambie kwamba nimepungua.

"Unaumwa, dada?"

"Hapana. Goti limepona."

"Asante Mungu," akasema. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. "Ngoja nimnyonyeshe, nitakupigia."

Nikamwambia amnyonyeshe kwanza, asiwe na haraka.