Sauti Iliyosoma Daftari Langu

Mara ya kwanza kuonana na Mama Tepu nilikwenda kumnunua. Sifichi. Biashara ya mbao niliianza na msumeno wa kuazima, na nimejifunza kwamba kila mtu ana bei yake, ila wengine hawajaulizwa vizuri.

Nilimkuta ofisini kwa chama cha wenye msitu, chumba kimoja chenye jiko la kuni na makoti mabichi yakifuka mvuke ukutani. Alikuwa akipangusa tepu yake kwa kitambaa cha mafuta. Kazi yake ilikuwa kuzungusha tepu na kupima unene wa miti kwa sentimita, usawa wa kifua, mmoja baada ya mwingine, ili ijulikane msitu umehifadhi hewa ukaa kiasi gani. Mimi nilitaka korongo la juu: nikate miti yake yote ya mchanganyiko, nipande misonobari mitupu. Chama kilishatoa neno. Vipimo vikionyesha hewa ukaa ni kidogo, korongo langu. Vikionyesha ni nyingi, lisiguswe.

“Mama, mti ni mti,” nikamwambia. “Ukipunguza namba mbili tatu, nani atajua?”

“Kwako wewe unayeuona umeshakatwa, umelala, sawa,” akajibu bila kuinua macho. “Funga mlango ukitoka, baridi inaingia.”

Mhasibu wa chama alinifuata nje akicheka. “Huyo humpati, kaka. Mumewe ndiye alikuwa mwandishi wake. Mama anaita namba, mzee anairudia kwa sauti, ndipo anaiandika. Miaka ishirini na sita! Mzee akafia humo humo korongoni, moyo. Mpaka leo mama anapima peke yake, anaita, anangoja. Anasema anaitikiwa. Ukilikata lile korongo, umemfanya mjane mara ya pili.”

Mhasibu aliona msiba, mimi nikaona mwanya. Niliwauliza wakubwa wa chama: mtu anayeitikiwa na marehemu, vipimo vyake mtavitetea vipi mbele za watu? Apewe mwandishi aliye hai. Wakakubali, wakaweka sharti kwamba kila namba irudiwe kwa sauti, mama asikie. Nikajitolea.

“Fisi kaomba kulinda bucha,” mhasibu akasema. Lakini hakuna mwingine aliyetaka kupanda kwenye ukungu ule.

Tulipita kwanza katika shamba langu la misonobari. Mama Tepu akasimama. “Sikiliza shamba lako, bwana mkubwa.”

“Sisikii kitu.”

“Haya, twende.”

Korongoni mambo yalikuwa mengine, ndege na wadudu wakilia kila upande. Mialoni na mierezi juu, miti mifupi chini yake, vichaka, tena majani madogo ambayo sijui majina yake, na kuvumwani, ule ukoga wa kijani, imefunika hata mawe. Katika kipande cha hatua ishirini aliandikisha aina arobaini na moja. “Huyu anakula jua la juu, huyu anaokota makombo,” alisema. “Hata mizizi imegawana, mingine chini sana, mingine juu juu. Humu hakuna nafasi inayokaa bure.” Hilo nililielewa upesi, duka lenye rafu zilizojaa nalijua.

Miti kumi ya kwanza niliandika kweli, ili anizoee. Adhuhuri ukungu ukashuka, nikaanza kazi yangu.

“Mwaloni, mia mbili na kumi!” akaita.

“Mia mbili na kumi!” nikaitika, nikaandika mia moja na kumi.

Nyuma yangu, ndani ya ukungu, sauti ya mzee asiye na haraka ikasema: “Mia moja na kumi.”

Nilijiambia ni mwangwi wa mwamba. Lakini mwangwi hurudisha ulichosema. Hausomi ulichoandika.

Mama Tepu alibaki ameshika tepu, shingo ameipinda kidogo kama mtu anayeitwa jina. “Amesema ngapi?”

“Nani?”

“Usinichezee, mdogo wangu. Mwerezi, mia tatu na nne!”

“Mia tatu na nne!” Nikaficha daftari ndani ya koti, nikaandika mia mbili na nne. Mimi si mtu wa kutishwa mara moja.

“Mia mbili na nne,” sauti ikasema, safari hii begani kwangu, na sikio langu likapata baridi.

Penseli ilinidondoka. Niliiokota, nikafuta zote mbili, nikaandika za kweli. Sauti haikusema tena. Tulipima miti mia tatu na ushee, na kila namba niliiandika kama ilivyoitwa.

Hesabu iliposomwa mkutanoni, kwa eneo la ukubwa uleule, korongo lilikuwa limehifadhi zaidi ya mara mbili ya misonobari yangu. Lisiguswe. Nilipoteza mbao zote zile, ila kabla watu hawajanyanyuka vitini niliomba kibali cha kuokota mbegu zilizoanguka. Leo nauza miche ya aina thelathini, na wanunuzi wanapanga foleni.

Mwaka uliofuata nilimkuta Mama Tepu kando ya jiko lile. Nikamuuliza, kwa utani, kama mzee hajambo.

“Hajaitika tangu siku ile,” alisema. “Miaka yote alirudia namba za kweli. Wewe ukamlazimisha kutamka uongo mbele yangu. Nadhani ameona haya.”

Nilitoka, nikafunga mlango baridi isiingie. Korongo lake analo lote, mti kwa mti, na humo ndani hamna tena wa kumwitikia.