Ya Beseni

Mimi mdomo sikunyimwa, muulize mtu yeyote mtaani kwetu Makina. Ndiyo maana hadi leo najisifia ile siku niliyonyamaza.

Nilikuwa kidato cha tatu, tena kiranja wa darasa. Mama ni mama fua, na kila Jumamosi nilienda naye Soweto East kufulia watu wa fleti. Siku moja msichana wa darasa letu, ambaye nguo za kwao ndizo tulizokuwa tukifua, alinirekodi video akiwa juu kwenye ngazi: nimeinama, povu hadi viwikoni, leso kichwani imeenda upande. Akaituma kwa grupu la darasa na kuandika, "Kiranja wenu akiwa ofisini." Kufikia jioni grupu limejaa vicheko, na mtu ashatengeneza stika ya uso wangu. Niliumia sana. Nililia, halafu nikapandwa na hasira.

Sasa, anayefua nguo za watu anajua mengi. Ndani ya beseni lile mlikuwa na shuka za huyo huyo msichana. Miaka kumi na sita, na bado anakojoa kitandani. Niliandika hivyo hivyo, bado kutuma tu.

Mama alikuwa kando yangu akikatakata mboga ya sukuma. Akauliza naandika nini kwa nguvu hivyo, nikamsomea. Hakupandisha sauti. Alisema tunayoyaona kwenye beseni tunayamwaga na maji, na kwamba mama fua akianza kutangaza ya watu, hafai kufunguliwa mlango. Walai, kidole kilikataa mara mbili, lakini nilifuta. Nikaandika neno lingine: "Ndiyo, ni mimi. Na nguo zilitakata."

Jumamosi iliyofuata nilirudi, kichwa juu. Alinifungulia msichana mwenyewe, shuka amezikumbatia, macho chini. Video alikuwa ameifuta.

"Mbona hukuwaambia?" akauliza.

"Kwani mimi ni redio?"

Akacheka kidogo, kisha akaanza kulia. Sikumbembeleza, maana sikuwa nimemsamehe bado. Nilimpa sabuni tu, tukateremka hadi kwenye bomba, tukaanza kufua pamoja.

Jirani mmoja alipita, akakunja pua, akataka kujua ni nani amekojolea shuka hizo. Mwenzangu akakauka, mikono ndani ya maji.

"Ni zangu," nikamwambia jirani. "Nimezileta huku kwa sababu kwetu maji yamepotea."

Nikaendelea kusugua.