Ukurasa Uliotutangazia Kanada

Mimi nilifundishwa kupiga mashine ya kuandika kwetu Uvira, Kongo, kwa masista, mikono imefunikwa kitambaa ili tusichungulie herufi. Macho kwenye karatasi, vidole vijitafutie njia. Ndiyo maana mdogo wangu aliponiomba nimsindikize Lilongwe kutazama majibu ya chuo, niliringa kidogo. Yeye hupapasa herufi kwa kidole kimoja. Nilimwambia akae pembeni awaachie wenye kazi yao.

Majibu yenyewe hayakuwa na mchezo. Alikuwa ameomba kusoma ualimu kwa njia ya mtandao, na chuo kilisema atakayechaguliwa athibitishe kabla ya saa kumi na moja jioni Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Ijumaa ndiyo hiyo. Umeme wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, ulikuwa umekatika tangu Jumatano, kituo chenye kompyuta kimefungwa, na simu zetu wote wawili ni za vitufe. Tukapanda minibasi mpaka mtaa wa Area 25, kwa mama mmoja Mmalawi anayechapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko. Tulifika saa tisa na nusu.

Mdogo wangu aliniwekea mbele karatasi yenye anwani ya chuo. Nikaipiga mara moja bila kuangalia mashine. Ukafunguka ukurasa wenye picha za wanafunzi wanaocheka: masomo Kanada, viza ya haraka, mkopo bila dhamana. Jina la chuo hakuna. Nikarudia. Kanada tena. Mara ya tatu, Kanada.

"Yaya, njo ile bantu banasemaka," alisema akilia. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na watu kambini walikuwa wakisema masomo hayo ni uongo. "Hakuna masomo. Balitudanganya."

Nikashikwa na hasira, na hasira zikanifanya mjinga. Chini ya ukurasa palikuwa na visanduku: jina, simu, namba ya karatasi ya ukimbizi. Nikaanza kujaza, nikidhani labda chuo kimehamia huko. Nilikuwa nimebakiza tarakimu mbili za namba yake pale yule mama aliponidaka mkono.

"Iyayi, mayi! Basi, basi!"

Alikuwa akinikataza, hapana, mama; akanieleza kwa Kichewa kwamba hao si chuo. Kampuni inayomuuzia intaneti, ukiandika anwani isiyokuwepo, haikwambii kwamba haipo. Inakutupa kwenye matangazo yake, na kila ukibonyeza wao wanapata chochote. Alishazoea, akawa anacheka. Mimi sikucheka. Mtu akikuuliza njia akakosea jina la mtaa, mwambie amekosea. Unamwingizaje dukani kwako, tena mdogo wake analia?

Kisha akanionyesha nilichoandika. Kila palipotakiwa a, nilikuwa nimepiga q. Mashine za masista zilikuwa za Kifaransa, na a yao inakaa pale ambapo hizi za Malawi zimeweka q. Tangu nikimbie nilikuwa sijagusa kompyuta, simu tu, na vidole vyangu vilikuwa bado viko Uvira. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mdogo wangu akanisogeza. Akapiga mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akizisoma kwa sauti. Chuo kikafunguka. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha ya waliochaguliwa. Alipothibitisha ilikuwa saa kumi na dakika chache, na mimi nikajikuta nimekaa sakafuni, nacheka na kumshukuru Mungu kwa lugha zote nilizo nazo. Yule mama nilimwambia zikomo, asante ya kwao, sijui mara ngapi.

Nje, tukingoja minibasi, mdogo wangu alitoa simu yake akanionyesha ujumbe aliouandika wakati napiga ile mara ya tatu. Ulikuwa wa kwenda kwa mwanamke mmoja wa Area 49, aliyekuwa akimtaka awe mfanyakazi wake wa ndani, alale hukohuko. "Nimekubali, mama. Kesho nakuja." Ulikuwa haujaenda, kwa sababu simu haikuwa na salio.

"Mi sikujua nikuambie namna gani, yaya," alisema.

Akaanza kuufuta, herufi moja moja, nami nikasimama namwangalia mpaka ulipokwisha.