Eda Juu ya Paa

Ofisi ya mji ilikwisha kutamka, kwa tangazo lililopigwa mhuri mara mbili, kwamba paa ni la kuzuia mvua na jua, si mahali pa kukaa wala kufanyia kazi, na kwamba mwananchi anayejenga taifa hulijenga akiwa chini. Hii ilikuwa Iringa, mwaka 1974. Hakuna aliyepinga. Mapaa mengi ya mji yalikuwa ya bati lenye mteremko, na asiyetaka kuvunjika shingo hakuhitaji tangazo.

Paa la Waridi lilikuwa bapa, la saruji. Aliachiwa nyumba na mumewe, Ahmadi, aliyefariki mwanzoni mwa Oktoba. Waridi alikuwa mshonaji, na siku zote alishonea barazani, maana vyumba vyake vilikuwa na giza la kutosha kuotesha uyoga. Sasa alikaa eda: miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Na shule moja ilikuwa imempa sare mia mbili, ziwe tayari kabla ya kufunguliwa Januari. Akichelewa, kazi inahamia kwa mshonaji wa ng'ambo ya barabara, na hairudi.

"Nitashonea juu," alimwambia Mwamvita, dada wa marehemu, aliyehamia pale kuilinda eda.

"Juu ni nje, wifi."

"Ngazi iko wapi?"

"Ndani."

"Na ukuta wa kule juu?"

"Unafika kifuani."

"Basi nikikaa sionekani. Labda kunguru alete posa."

Mwamvita alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, akitumaini kukataliwa. Mwalimu hakuona ubaya. Mwamvita alirudi amenuna.

Tatizo likawa saruji yenyewe. Iliinamia mfereji, na mvua zilikwisha kuanza: cherehani ilipepesuka kama mlevi, miguu ya Waridi ikalowa. Ili kuitandikia mbao zilizo sawa, akaitwa Isakwisa, seremala wa Tukuyu, aliyesifika kwa sakafu za mbao zisizopitisha hata sindano. Waridi alimwelekeza akiwa nyuma ya mlango wa ngazi, wasionane.

"Fundi, acha upenyo kati ya mbao na mbao. Maji yapite."

"Mama, mimi siachi mapengo. Watu watasema Isakwisa aliishiwa mbao."

"Watu gani wataona paa langu?"

"Mungu."

"Huyo ndiye anayeleta mvua. Acha upenyo."

Aliitikia vizuri sana, kisha akazibana mbao zote. Mvua ya siku nne ikazivimbisha. Siku ya tano sakafu ilikuwa imetunga kitambi katikati, misumari imeng'oka. Sare zilizokamilika zilikuwa thelathini na moja, na wiki tano zimebaki.

Waridi hakupiga kelele. Alimwita tena Isakwisa, akampenyezea rula yake chini ya mlango.

"Hii ipite kati ya kila mbao na mwenzake. Ukiondoka nitaipitisha mwenyewe."

"Na ikigoma?"

"Utang'oa tena. Mimi siendi popote, fundi. Nina miezi miwili zaidi."

Isakwisa aling'oa, akapigilia upya, akiipitisha rula kwa uso wa mtu anayezika jina lake. Mvua iliyofuata ilipita kati ya mbao na kuteremka mferejini. Waridi alishona tangu kunakucha hadi macho yakatae, blanketi mabegani. Manyunyu yakija, yeye na Mwamvita waliisukuma cherehani hadi mlangoni, yakikatika wanairudisha. Krismasi ilipopita, Mwamvita alikuwa ameacha kununa, anatia vifungo. Sare ya mia mbili ilitoka siku tatu kabla ya shule kufunguliwa.

Eda ikaisha Februari. Waridi akawa huru kurudi barazani, wala hakurudi. Mwaka uliofuata, sare za matarishi wote wa ofisi ya mji zilishonwa huko juu.