Fundi Viatu Kwenye Sala ya Fainali

Timu ya kanisa ina wachezaji kumi na mmoja na fundi viatu mmoja, mzee ambaye hajawahi kugusa mpira ila kwa kuushona. Vidole vyake vimekakamaa kwa gundi, sindano hukaa kwenye ukosi wa shati, na kabla ya kila mechi huwapitia vijana mguu kwa mguu akinung'unika, "Kiatu hiki, mwanangu, unachezea mpira au unalimia?" Wakati wa sala wenzake hufumba macho yote, yeye hufumba moja, la pili liko miguuni mwa watu.

Siku ya fainali, mchungaji alikuwa anakaribia kumaliza sala aliposikia uzi ukivutwa. Akachungulia. Fundi amepiga magoti katikati ya duara la wachezaji, soli ya mshambuliaji imeachama, kiatu cha akiba hakuna, naye anaishona humo humo mguuni. Mwamuzi alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni. Mchungaji akavuta pumzi, akaanza upya: akawaombea wapinzani, akamwombea mwamuzi, akaziombea nyavu na majani ya uwanja.

"Baba, leo tunakesha?" kipa akanong'ona.

Fundi akakata uzi kwa meno. "Tayari," akasema.

"Amina," akaitikia mchungaji.